Dawa Isiyogawanyika

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mabawe wilayani Ngara, wafugaji walikuwa wamekusanyika wakimngoja bwana mifugo, nami nimesimama mbele yao. Mzee mmoja akaniuliza, "Binti, bwana mifugo anakuja saa ngapi?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwambia, "Ndiye mimi. Mkamate ng'ombe wako vizuri." Walicheka, lakini walimkamata. Mpaka nastaafu wafugaji waliniita Bwana Mifugo hivyo hivyo na sketi yangu, wala sikujisumbua kuwasahihisha.

Nilikuwa mganga msaidizi wa mifugo. Nilichanja, nilifunga vidonda, nilisimamia josho, yaani lile birika refu la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe. Mkubwa wangu, Afisa Mifugo wa Wilaya, alikuwa mkali kwa jambo moja: mafunzo kazini. Kila ilipotangazwa kozi ya kujikumbusha, alitusukuma twende. "Cheti chako ni cha juzi," aliniambia, "ugonjwa ni wa leo." Nilinung'unika sana, maana nilikuwa na mtoto mchanga na bweni la kozi lilijaa kunguni. Nilikwenda.

Baadaye nikahamishiwa Runazi, Biharamulo. Operesheni ya vijiji ilikuwa imeshakusanya watu, na wafugaji kutoka Shinyanga na Mwanza walikuwa wameingia na mifugo yao. Pori la huko lilikuwa na mbung'o, nzi anayemuuma ng'ombe na kumwachia vijidudu vya nagana kwenye damu. Ng'ombe anakula lakini anakonda, fizi zinapauka, mwisho anaanguka. Kisha vita vya Kagera vikaanza, magari ya idara yakaenda kubeba askari, na dawa ya nagana ikawa adimu kuliko sukari.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema kabisa, alikuwa na jibu lake. "Sisi ni wajamaa. Hicho kidogo tutagawana." Basi nikamchoma kila ng'ombe nusu sindano. Walichangamka kwa muda, kisha wakaanza kukonda upya.

Ndipo nikaitwa tena kozini. Mkufunzi wetu, daktari wa mifugo mwenye sauti ya chini, alituwekea damu kwenye darubini tuwaone wale vijidudu wakijinyonganyonga. "Ukimpiga nusu humuui," alisema. "Unamfundisha. Kesho hata dawa kamili haitamwangusha." Moyo uliniuma, maana niliijua Runazi.

Nilirudi na chupa chache za dawa, nikaomba mkutano. Nikasema wazi: kipimo kamili kwa ng'ombe wenye nguvu ya kupona, wengine wasipate kitu. Kelele zikazuka. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Bwana Mifugo, unataka kijiji kiwe na wenye nacho na wasio nacho?"

"Mwenyekiti," nikamjibu, "tukigawana tena, wote tutakuwa wasio nacho."

Tukapita zizi kwa zizi, watu wakinifuata nyuma. Tukafika kwa Mama Kabula, mjane aliyehamia kutoka Shinyanga. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na wajukuu zake walitegemea maziwa yake. Nikaufungua mdomo wa ng'ombe. Fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Hata dawa kamili isingemwinua, na nikalisema hilo mbele ya watu wote.

Mama Kabula aliweka mkono mgongoni mwa ng'ombe wake. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Haya, dawa wapeni wao. Ila ng'ombe wao wakizaa, mimi nipeni mtamba. Nitamlea hapa hapa."

Mwenyekiti akawatazama watu. "Mtamba wa kwanza ni wake," akasema. "Na mpaka amkamue, maziwa tutampelekea kwa zamu." Hapo hakuna aliyebisha.

Ng'ombe wake akafa. Nilikwenda kumpa pole, hakunipa kiti, nikasimama hivyo hivyo mpaka nilipoaga. Waliochomwa kipimo kamili wakapona. Vibuyu vya maziwa vikapelekwa kwa mama yule, na mtamba akaja, ingawa wengine ilibidi mwenyekiti awakumbushe.

Siku hizi nikiwasimulia vijana wa kozi, huniuliza kama nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya sana, na leo ningefanya vile vile. Bila mafunzo yale ningeendelea kuchoma nusu nusu kwa huruma, nimalize mazizi huku nikipewa asante. Mkiitwa mafunzoni, nendeni, hata kama mnadhani mmeshajua kazi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Runazi kuaga. Mama Kabula, sasa bibi kizee, hakugusia habari za zamani. Alinishika mkono akanipeleka zizini. Ng'ombe walikuwa wengi, na mmoja alikuwa ameanza kukonda.

"Huyu mchome," akasema. "Na usimpunje."