Gari la Kijani Liliondoka na Mke Wangu

Viatu vya mke wangu vilikuwa chini. Gari halipo.

Viatu vyekundu vya kupandia milima, amevipanga vizuri kama tuko mlangoni kwetu. Na ndani ya kiatu cha kushoto simu yake ilikuwa inaita. Anayempigia ni mimi, nimesimama palepale, simu yangu sikioni.

Naomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mcheke mkitaka. Wengi wameshanicheka.

Mimi ni fundi wa lifti. Siku nzima napanda na kushuka ndani ya kisanduku kisichojua kona. Ndiyo maana nikishika usukani nataka barabara ipinde, na gari linitii.

Mke wangu ni mwalimu wa kuogelea. Yeye akipata siku ya mapumziko hataki kuona dari. Hema, kamba, baiskeli, makasia, twende. Na mimi nakwenda, kwa sababu nampenda, na kwa sababu njia za huko zina kona.

Gari letu la zamani lilipokufa tukakubaliana kutafuta stesheni wagon, yale magari yenye buti refu. Tulikubaliana hapo tu. Kuanzia hapo ni vita.

Mimi nilitaka la chini, gia za mkono, linalokula kona bila kuyumba. Yeye alitaka lililonyanyuka kidogo, lenye keria juu, na viti vya nyuma vinavyolala kabisa ili mvua ikitukuta porini tulale ndani.

"Wewe unachagua gari la kuendesha," aliniambia. "Mimi nachagua gari la kuishi."

"Na wewe unataka sofa lenye magurudumu."

Hatukugombana kwa kelele. Tuligombana kwa ile "sawa bwana, fanya unavyotaka" ambayo kila aliyeoa anaijua. Wiki nyingi. Akianza kueleza, mimi namjibu kabla hajamaliza.

Mwishowe tukafika kwenye yadi moja ya magari juu ya kilima. Mwenye yadi tulimbatiza Msafi, maana kila tukienda tunamkuta anafuta gari ambalo tayari linang'aa. Alikuwa na mawili tuliyoyataka, yameegeshwa ubavu kwa ubavu.

La kijani lilikuwa langu. Nilishalijaribu pale juu, kwenye tambarare. Jamani, lile gari! Ukiligusa tu linaelewa.

Jeupe lilikuwa lake. Mimi hata kulijaribu sikutaka.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu kipimo cha mke wangu, maana bila hicho hamtaelewa kilichotokea. Yeye hanunui gari ambalo hajalilalia. Anatandika godoro jembamba la bluu kwenye buti, anavua viatu, anaingia ndani ya mfuko wake wa kulalia, anavuta zipu mpaka puani, anaziba masikio kwa vile vizibo vya mpira, anafunga macho. Akisinzia, gari limefaulu.

"Vizibo vya nini, shemeji?" Msafi alimuuliza siku hiyo.

"Huyu anakoroma. Nitapimaje usingizi bila kuzuia mkoromo?"

"Lakini sasa hivi hakoromi, yuko macho."

"Nataka kipimo kiwe cha haki."

Alianza na la kijani. Akaniambia, "Likinilaza, tunachukua lako, na sitalalamika tena." Niliona ni neno kubwa kutoka kwake. Nikafunga mlango wa buti polepole, nikamuacha, nikafuatana na Msafi ofisini kuangalia historia ya matengenezo ya gari.

Tukiwa humo aliingia mama mmoja wa makamo, miwani, sare ya ukunga. Msafi akampa ufunguo. "Zunguka hapahapa juu, mama. Huko chini leo kuna foleni." Yule mama akatoka. Sikujali, yadi ina magari mengi.

Nilipotoka nje ndipo nikaviona viatu.

Na kule getini, mkia wa gari la kijani ukiwa unapinda kushoto. Kushoto ni kuteremka.

"Msafi! Mke wangu yumo humo!"

"Humo wapi?"

"Kwenye buti! La kijani! Amelala!"

Nilitegemea aseme usijali, watarudi sasa hivi. Msafi hakusema hivyo. Kitambaa kikamdondoka.

"Amekwenda kushoto?" akauliza.

"Ndiyo!"

"Nilimwambia asiteremke. Kaka, nilimwambia!"

"Kwa nini asiteremke? Msafi, kwa nini?"

"Breki," akasema kwa sauti ndogo. "Zikipata moto zinalegea. Fundi alikuwa anakuja kesho."

Sikumpiga. Mpaka leo najiuliza kwa nini. Nadhani kwa sababu ufunguo wa jeupe ulikuwa mkononi mwake na nilihitaji mkono wangu kuunyakua. Nikaruka ndani, naye akaruka upande wa pili, sijui kwa ujasiri au kwa kuogopa nisimuibie gari. Nikatoka pale getini nikiwa nimeikandamiza honi bila kuiachia.

Ile barabara mnaijua aina yake. Ukuta wa mwamba upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, chini kabisa kuna mto na daraja jembamba. Kona baada ya kona. Siku nyingine yoyote ningeifurahia.

Kona ya kwanza niliingia na mwendo wa kijinga. Nilisubiri sofa liyumbe litutupe. Halikuyumba. Lilishika barabara, likapinda, likanyooka, kana kwamba lilikuwa linanisubiri niombe. Nikaingia ya pili kwa kasi zaidi.

"Taratibu kaka, utatuua!" Msafi alikuwa anapiga kelele. "Nina watoto!"

"Mimi nina mke!"

Nyuma yetu kitu kikaanza kugonga. Du! Du! Du!

"Nini hicho?"

"Jeki hiyo! Haijafungwa vizuri! Angalia mbele!"

Nikaangalia mbele. Madirisha yote wazi, upepo unavuma, honi inalia, Msafi anaomba dua kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Du! Du! Nikaipuuza jeki.

Tulilipata la kijani baada ya kona ya tano au ya sita, sikuwa na akili ya kuhesabu. Kwanza nilisikia harufu, ile ya breki zinazoungua, kali mpaka kooni. Halafu nikaziona taa zake nyekundu za nyuma. Zilikuwa zinawaka, hazizimi. Yule mama alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote na gari lilikuwa linazidi kukimbia.

Kupitia kioo cha nyuma niliona kitu cha bluu. Godoro.

Nikajitanua upande wa pili wa barabara, nikaenda naye sambamba. "Rudisha gia! Mama! Punguza gia!"

Alinigeukia. Miwani imekaa upande, mdomo wazi. Hakunisikia, vioo vyake vilikuwa juu. Na mbele, chini kule, niliona daraja, na lori limeshaanza kulivuka kuja upande wetu.

Hapakuwa na muda wa kufikiri. Nikakanyaga mafuta, nikampita, nikajitia mbele yake.

"Unafanya nini?" Msafi akalia. "Kaka, unafanya nini?"

"Namzuia."

Nililegeza mguu kidogo kidogo, namtazama kwenye kioo, namuona anakuja. Bampa lake likatugusa. Nikatulia. Likatugusa tena, safari hii kwa kishindo, bati likalia, shingo ikanitikisika. Nikaanza kubana breki, magari mawili yameshikana kama mtu aliyeegemea mgongo wa mwenzake, moshi unatoka kwenye matairi. Jeupe likatetemeka lote. Lakini halikupinda. Lilikaza, likakaza, na mwisho tukasimama, lori likiwa mbele yetu umbali ambao ningeweza kumsalimia dereva kwa mkono.

Nilifika kwenye buti la kijani kabla yule mama hajafungua mlango wake. Nikavuta.

Godoro.

Godoro peke yake, limetandikwa vizuri, na alama ya mtu aliyelalia.

Nikalinyanyua, mtu mzima mimi, kana kwamba mke wangu angeweza kuwa chini ya godoro la unene wa kidole. Niliwaza amefungua mlango akaruka. Niliwaza kona zote tulizopita na ule upande usio na kitu.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mke gani?" Yule mkunga alikuwa ameshikilia mlango. "Baba, nilikuwa peke yangu!"

Msafi akazima jeupe. Honi ilishanyamaza zamani. Ukimya ukatufunika pale barabarani, na ndani ya ukimya ule nikaisikia.

Du. Du.

Jeki.

Sijawahi kugeuka polepole vile maishani mwangu. Buti la jeupe lilikuwa limebonyea ndani, pale bampa la kijani lilipotugonga. Pale nilipolipokea gari zima kwa makusudi.

Mlango wa buti haukufunguka. Nikaingia kwa mlango wa pembeni, viti vya nyuma vimelazwa, nikavuta pazia linalofunika mizigo. Chini yake mfuko wa kulalia ulikuwa umejikunja kwenye kona, nyuma kabisa ya kiti cha dereva, na kisigino ndani yake kilikuwa bado kinapiga ubavu wa gari. Zipu ilikuwa imekwama, kama inavyokwama kila safari, kama alivyoniomba mara nyingi niirekebishe. Nikaichana kwa mikono miwili.

Mdomo wake ulikuwa unavuja damu kidogo. Nywele zimemsimama. Akatoa kizibo cha sikio la kulia, akanitazama.

"Hivi," akasema, "ulikuwa unalijaribu gari, au ulikuwa unanijaribu mimi?"

Nikataka kujibu, nikalia. Nililia mbele ya Msafi, mbele ya mkunga, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa ameshuka kuja kutugombeza na sasa amevua kofia hajui aishike wapi.

Kilichotokea ni kidogo tu. Kwenye la kijani miguu yake haikuenea, vidole viligonga mlango. Akatoka kwa mlango wa pembeni na mfuko wake, akaliacha godoro kwa kuwa sakafu ya jeupe ilikuwa na zulia nene, akaruka kwa soksi hatua mbili akaingia gari la pili, akavuta pazia ili apime na giza. Viatu akasema atavifuata baadaye. Kisha akasinzia. Jeupe lilikuwa limefaulu kabla sijaligusa.

Aliamka kwenye kona ya kwanza.

"Niliita," aliniambia. "Niliita mpaka sauti ikakauka. Halafu nikagonga. Lile gari lilipotugusa mara ya kwanza nikajiburuta mbele. Nisingejiburuta..."

Hakumalizia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikumkatiza wala kummalizia sentensi. Nilimshika tu.

Mkunga alikuwa amekaa pembeni ya barabara anafuta miwani. Akaniuliza, "Kwa hiyo baba, hukuwa unanifuata mimi?"

"Hapana, mama. Nisikudanganye."

"Ungejua mkeo hayumo, ungenifuata?"

Ningepiga simu. Ningepiga kelele. Lakini kujitia mbele ya gari lisilo na breki? Nilijiangalia moyoni nikaona jibu silipendi, na yeye aliliona usoni kwangu.

Akaenda akampangusa mke wangu damu kwa leso yake. "Basi nakushukuru wewe, mwanangu," akamwambia. "Umeniokoa ukiwa umelala."

Msafi alifungiwa yadi, na mimi mwenyewe nilikwenda kutoa ushahidi. Jeupe tulilichukua, baada ya fundi wetu kulikagua breki mpaka nati ya mwisho. Mlango wa buti tuliunyoosha, ila mbonyeo mmoja mdogo mke wangu alikataa usiguswe. Nikitaka kupakia hema lazima niuone.

Mnaniuliza sana kwenye maoni: gari gani linafaa kwa mtu anayependa kuendesha na mtu anayependa pori? Jibu langu ni fupi. Badilishaneni. Lile alilolichagua mwenzako, liendeshe wewe. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, tusingefika kwenye lile daraja.

Lakini hilo la gari ni dogo.

Mtu niliyekuwa namkimbilia, niliyekuwa tayari kufa kwa ajili yake, alikuwa nyuma ya kiti changu anagonga. Nilimsikia. Nikaambiwa ni jeki, na nikakubali haraka, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumuokoa.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwako kuna kitu kinagonga, simama kwanza uangalie.

Zipu nimeshairekebisha.