Mwenye yadi amekuja kuchukua kisanduku cha hewa

Jamani, tangu lini mwenye yadi ya malori anajua jina la mtoto wangu?

Niwaeleze.
Vijana wa hapa Mpondwe, mpakani, walinifungia kisanduku cheupe ukutani. Kinapima moshi wa yale malori yanayonguruma nyuma ya nyumba, ndivyo walivyosema.
Mimi sikuwaamini. Nilidhani ni kamera.
Nikakifunika na kitenge.
Kabugho, msichana wao, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Muhindo, sasa kitavuta hewa wapi?"

Leo asubuhi huyu tajiri wa yadi akapiga hodi, na kilo mbili za sukari mkononi.
"Mama, Muhindo wetu anaendeleaje?"
Muhindo wetu! Mtoto anakohoa kila usiku, na huyu hajawahi hata kunisalimia.
Akaanza: "Hii kitu iko mbaya, mama. Inasikiliza watu. Nipe nikutupie."

Ni yale yale niliyokuwa nawaza mimi.
Lakini kusikia yeye anayasema, nikajiuliza:
Kama ni kitu cha kutupa tu, kwa nini atoke yadini kukifuata kwangu?

Nikamrudishia sukari yake. "Asante baba, ngoja niwaite wenye nacho."
Mara akakumbuka ana safari.

Kitenge nimekitoa. Kabugho amekipandisha kisanduku juu, mkono usifike. Huyo Kabugho naye bado simwamini sana, lakini kifua cha mwanangu kwanza.

Nyinyi wa Bwera na Kasese mliofungiwa visanduku hivi, kuna mtu amewajia na salamu tamu?