Dada Asiyekuwemo Kwenye Faili

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mteja akiniambia kiuno chake hakijabadilika tangu Pasaka, nachukua futi na kupima upya. Ushonaji ulinianzisha, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ikanimalizia masomo. Kambini kwetu kila anayeuliza swali ana karatasi mbele yake, na sisi tunaamini karatasi zote hukutana mahali fulani, zikalinganishwa. Ndiyo maana mama alikuwa na majibu ya aina moja tu kwa watu wote: yale aliyotoa siku tulipofika kutoka Bukavu.

Siku ile alisema hana ndugu. Kumbe alikuwa na dada mkubwa, aliyeolewa na mwanajeshi, na mama aliogopa tusije tukaitwa watu wa mwanajeshi. Miaka imepita, faili letu la kuhamishiwa nchi nyingine bado linazunguka, na humo mama mkubwa wangu hajawahi kuzaliwa.

Mama alipoota uvimbe kwenye titi la kushoto, alinificha hadi siku niliyompima blauzi ya kwaya. Futi ilipita kifuani, naye akaudaka mkono wangu. Nilimfokea, kisha nikalia. Tukaomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda hospitali Lilongwe, wakamkata kipande kidogo cha nyama na kutuambia turudi baada ya majuma machache.

Njiani mama alinuna. "Bananiuliza mi, sasa banaenda kuuliza na nyama yangu?"

Nilicheka, ila hata mimi nilijiuliza kipande kile kinapelekwa wapi na kitasomwa na nani.

Siku ya majibu tulimkuta daktari, mwanamke wa makamo, mpole. Hata upole wake niliutilia shaka. Alizungumza Kiingereza, mimi nikamtafsiria mama. Alichora duara, akalizungushia vijiti vifupi. Duara ni seli, alisema, na vijiti ni protini zilizosimama juu yake. Mtoto anapoumbwa tumboni, zipo seli shina, ambazo bado hazijawa mfupa wala ngozi wala titi. Haziamui peke yake. Protini za juu hupokea ujumbe kutoka nje na kuupitisha ndani: ongezeka, tulia, sasa kuwa ngozi. Kwenye saratani, baadhi ya seli hurudia tabia zile za utotoni kwa kutumia protini zile zile, ila kutulia hazitaki. Kipande cha mama walikitia rangi ya kuonyesha protini moja, wakaikuta imejaa kupita kiasi, na seli zikawa zinahimizwa kuongezeka mchana kutwa. Ipo dawa inayoishika protini hiyo kwa nje ili ujumbe usipite.

Kisha akauliza kama kuna mwanamke mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua titi. Mama mzazi? Dada?

"Hapana," mama akajibu upesi. "Mi nilizaliwaka peke yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Na mimi ndiye niliyekuwa nikichota maji ya kumwoshea mama mkubwa kidonda cha titi, kule Bukavu, mpaka siku alipokufa. Siku nzima sikutafsiri kitu vizuri kama nilivyotafsiri uongo ule. Naona aibu kuandika hivyo.

Daktari akaninyooshea kalamu kifuani. "Dawa yake tunaijua tayari," akasema. "Swali hili nauliza kwa ajili yako. Kama ugonjwa uko kwenye ukoo wenu, wewe unatakiwa kuchunguzwa mapema."

Mama akanigusa goti. "Anasema nini?"

Nililifikiria faili, miaka yote tuliyolingojea, na mtu fulani akisoma kwamba mama ana dada.

"Anasema tumemaliza, mama."

Aliniangalia kwa macho yale ninayowaangalia nayo wateja wangu. "Mi iko na macho. Amekuonyesha we."

Akanipa mgongo, akamgeukia daktari. Mama ana Kichewa cha sokoni, lugha ya wenyeji aliyoiokota kwa wanawake wanaotoka Madisi kumuuzia maharage, na sikujua kwamba inaweza kubeba zaidi ya maharage. Alisema alikuwa na dada mkubwa. Akashika titi lake la kushoto. Alisema dada yake amekufa. Akataja na jina, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu Bukavu.

"Mama, faili," nikanong'ona.

"Faili? Mi sikunyonyeshaka faili."

Daktari akaandika. Mama akainama juu ya meza kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa. Kisha nikaambiwa niingie nyuma ya pazia. Blauzi niliishona mwenyewe, lakini siku hiyo vifungo vilinishinda, na mama akaja kunifungulia.