Mlevi Asiyeonja Mbege

Juma lililopita, katika foleni ya hospitali moja hapa Moshi, nilimwona kijana akipepesuka huku mama yake amemshika kiunoni. Mwanamume mmoja nyuma yao akamdhania amelewa pombe ya ndizi, akacheka: "Mbege ya Mwika imeiva mapema leo!"

Mama hakugeuka. Alimweleza daktari aliyekuja kuwaona palepale foleni kwamba mwanawe, mwenye kifafa, hajaonja pombe tangu aanzishiwe vidonge vya kifua kikuu.

"Nakuamini, mama. Ini ndilo huivunja dawa ya kifafa ili itoke mwilini. Vidonge vya kifua vimelizuia, basi dawa ile imerundikana katika damu, nayo ndiyo inayomlewesha. Tutampunguzia ile ya kifafa, atatembea sawasawa."

"Asante, baba. Lakini mkewe amekwisha kurudi kwao na watoto. Asema hakuolewa na pipa la mbege. Nikimpelekea habari za ini, ataniamini?"

Daktari aliandika kipimo kipya cha dawa. Yule mcheshi akavua kofia, ila kijana alikuwa amekwisha kumsikia, kama alivyowasikia wengi kabla yake. Ini lake lilizuiwa na dawa. Ndimi zetu hazikuzuiwa na kitu.