Pale Mama Alipopaita Githima

Kazi yangu ni kutafsiri, katika ofisi moja ya Westlands, na nikuambie ukweli, huwa naringa. Mtu akisema "kitu yangu" namsahihisha kabla hajameza mate. Basi sikia nilivyoumbuliwa na neno moja, tena la lugha ya mama.

Mamangu ana kishamba Muthangari, alichoachiwa na wazazi wake. Nyumba yake ya mabati ilikuwa imeoza, kwa hiyo mimi na ndugu yangu tulijinyima miaka mingi tumjengee ya mawe. Tungekosea msingi, hatungeweza kuanza tena, na mama angeishia chumbani kwangu Ngara, ambako aliapa hatahamia kamwe. Fundi, Mkamba mpole wa makamo, alipenda pale chini palipo tambarare. Mama akapaza sauti kwa Kikuyu akielekea jikoni: hapo ni githima!

"Anasemaje?" fundi akauliza.

"Anasema pamepimwa," nikajibu, kifua mbele. Kupima kwa Kikuyu ni guthima, ningekosea vipi?

Fundi akachimba. Mama aliporudi na chai, mtaro ulikuwa umefika magotini.

"Ngai! Si nimesema hapo ni githima?"

Fundi akatupa jembe. "Githima? Mama, kwetu Ukambani kuna mji unaitwa Kithimani. Kithima si ni kisima?"

"Ehe! Nyanya yangu alikuwa anateka maji hapo."

Kisima! Neno la Kiswahili sanifu kabisa, limevaa koti la Kikuyu tu, na mimi mwenye kalamu nyekundu nikalipita. Tukainama kuangalia: matope yalikuwa yameanza kung'aa, maji yakichuruzika polepole. Mama alicheka mpaka akakalia ndoo. "Na ndiye anafunzanga watu Kiswahili!" Niliona aibu, lakini fahari iliizidi. Hakuna ramani ofisini kwetu inayojua anachojua mamangu.

Fundi akamwambia, "Mama, wewe uonyeshe, mimi nichimbe." Tukapanda na mama hadi mgongoni mwa kilima, akachagua mwenyewe pa kujenga.

Mvua kubwa za kwanza zilipofika, nilikimbia huko asubuhi na roho mkononi. Pale chini palikuwa ziwa. Mama nilimkuta sebuleni mwa nyumba yake mpya, miguu mikavu, anakunywa chai.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Leo nikufundishe neno gani?"