Kombe la Elia

Nikisikia harufu ya marashi ya waridi, hata iwe harusini kwa watu, natoka nje. Wengine wananusa sherehe. Mimi nanusa sahani nyeupe, maandishi ya zafarani yakiyeyuka majini, na ndugu yangu Elia akikunja uso kabla ya kumeza.

Mtanisamehe mnaosoma. Shule nilikomea darasa la nne, kupamba sijui. Nitasema kama yalivyokuwa, na watu nitawataja, maana nimechoka kuwafichia.

Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Tulitolewa kwenye migomba yetu juu ya Bumbuli, tukapangwa mstari kando ya barabara, nyumba ya Mkristo, nyumba ya Mwislamu, vile jina lilivyotokea kwenye orodha. Jirani yetu akawa Maalim Athumani, mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mfupi aliyenukia karafuu. Saa hatukuwa nayo. Adhana yake ya mdomo mtupu ndiyo iliyotuamsha kwenda shamba la kijiji. Mama hakuchinjisha kuku kwa mwingine ila yeye, ili atakayebisha hodi, wa dini yoyote, ale. Naye Krismasi alikuja na mkungu wa ndizi, akatusikiliza tukiimba, akauliza, "Huyo Baba Naomi anaimba au anakohoa?" Naomi ndiye mimi.

Shambani, kabla ya kushika jembe, tuliomba kwa zamu: leo Maalim, kesho mzee wa kanisa. Sote tuliitikia amina. Nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Elia alikuwa na miaka mitatu homa ilipomshika. Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, akachomwa sindano. Kanisani akaombewa. Homa ikabaki palepale. Ndipo Mama akavuka ua, akamwambia Maalim, "Umebaki wewe."

Maalim akaandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji na marashi. Hilo ndilo kombe. "Mimi si daktari, Mama Naomi," alisema. "Namwomba Mungu, basi. Na sindano msiache." Elia akanywa. Baba alikuwepo, ndiye aliyemshika miguu.

Jumapili, kwenye mafundisho ya watoto, Mwinjilisti Yeremia akauliza nani ana ushuhuda. Nikanyoosha mkono. Nikasema, kifua mbele, kwamba Elia amekunywa neno la Mungu, limeandikwa kwenye sahani na Maalim, na amelimeza lote. Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

Wiki hiyo Mama akatengwa. Mnaojua kutengwa mnajua: benchi la nyuma, meza ya Bwana huisogelei, na watu wanakusalimia wakitazama miguu yako. Baba alipoulizwa alisema hakuwepo. Nilimpenda baba yangu, lakini hilo namtaja nalo.

Ijumaa Elia akafa.

Baba alikwenda kuomba kengele na maziko. Yeremia akaja, Biblia kwapani, akaishia uani. "Mama huyu atubu kwanza, hapa mbele ya watu. Aseme lile kombe ni la shetani na aliyeliandika ni mtu wa shetani. Bila hivyo mimi siziki."

Maalim naye alikuwa hapohapo, jembe mkononi, udongo mpaka magotini, maana kaburi ni yeye na wanawe waliokuwa wakilichimba tangu asubuhi. Kwetu mtoto aliyezikwa bila kengele alihesabiwa ametupwa, na Mama siku ile hakutaka kingine duniani: Elia asitupwe.

"Siwezi," Mama alisema. "Huyu ni jirani yangu."

Maalim akaweka jembe chini. "Sema, Mama Naomi. Mimi mtu mzima, neno halinivunji mfupa. Mtoto anangoja."

Mama akasema. Yote mawili, la kombe na la mtu. Kengele ikalia. Tulipokuwa tukiimba kaburini, Maalim alisimama mbali kidogo, viganja wazi. Yeremia akaamuru aondolewe. Hakuna aliyemwondoa, wala hakuna aliyemjibu Yeremia. Ujasiri wetu uliishia hapo.

Miaka mingi nilimkasirikia Mama kwa kulisema neno lile, na Maalim kwa kulikubali. Nilimwona mzee asiye na damu. Halafu nami nikazaa, nikazika, nikakaa na watu na midomo yao, ndipo nikaanza kuona nilichokuwa nacho mbele ya macho siku zote.

Kwa sababu neno lile halikubaki uani kwetu. Liliposemwa na mwanamke aliyefiwa, mbele ya kijiji kizima, likawa kweli. Wakristo waliacha kuingia kwa Maalim. Watoto tulimpigia kelele barabarani, "Mtu wa shetani!" Tulikuwa wengi, nami nilikuwamo. Mimi, dada wa Elia, nilipita mbele yake bila shikamoo, naye alikuwa akinitazama mpaka nipotee kwenye kona.

Alikuwa ameishi na watu miaka mingi kuliko sisi sote. Yale yatakayomfuata aliyajua, moja baada ya jingine, alipoinama kuweka jembe chini.