Maji ya Tajiri Cheah

Shangazi yangu Guat Sim alimenya kamba kwa miaka tisa katika kiwanda cha samaki kule Batu Maung, na alipochomwa kidole na gamba alisema taratibu, "Huyu wa Cheah." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeandika jina kwenye daftari la madeni, kisha akachukua kamba mwingine.

Kabla ya hapo alikuwa na duka la samaki wa mapambo mtaa wa Jelutong, mlango mmoja, matangi arobaini. Wafanyabiashara walimwita hasa kwa kazi moja: tangi la mlangoni pa biashara mpya, samaki wanane wa dhahabu na mmoja mweusi. Wanane huita mali, mweusi humeza mikosi. Kwa hiyo mweusi akifa hakuna anayeshtuka, hununuliwa mwingine. Wakifa wote tisa, hilo ni jambo lingine.

Kwa Tajiri Cheah walikufa wote tisa.

Alikuwa anafungua mkahawa wake wa kwanza, na hekaluni walishamchagulia siku ya bahati ya kufungua, ambayo ilikuwa keshokutwa. Shangazi alimwambia kwamba tangi jipya lina maji mabichi. Yanang'aa, lakini hayana uhai. Uchafu wa samaki hugeuka sumu, na vijidudu vinavyokula sumu hiyo bado havijazaliwa. Vinahitaji wiki tano vizaliwe na kuongezeka kwenye chujio, ndipo samaki waingie.

"Wiki tano?" Cheah alicheka. "Niwaambie wageni wangu wasubiri wadudu wako wazaane?"

Shangazi alikubali kuwatia. Hilo ni kosa lake, na hulitaja mwenyewe kabla mtu hajamtajia. Siku ya tatu samaki walikuwa juu wakihema, mashavu mekundu. Siku ya tano, wakati wa chakula cha mchana, walielea tisa kwa pamoja, na Cheah akasimama katikati ya meza za wateja akatangaza, "Mkono wa mwanamke huyu una nuksi." Baada ya hapo ni nani angempa kazi? Duka lilifungwa kabla mwaka haujaisha.

Kitu kimoja tu alitoka nacho: sponji ya chujio la tangi lake kubwa. Aliiweka jikoni kwenye tangi dogo lenye visamaki vitano, akaitunza miaka yote tisa. Ilikuwa na rangi ya mashapo ya kahawa na harufu ya udongo ulionyeshewa. Ukiichukua sponji kama hiyo ukaitia kwenye tangi jipya, hungoji wiki tano. Vijidudu vimo ndani tayari, mamilioni yao, wana njaa.

Mwaka juzi, nilipomaliza chuo na kuhamia kwake nikitafuta kazi ya maktaba, Tajiri Cheah alikuja kusimama kwenye mlango wa jiko letu. Alikuwa na mkahawa mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Wauzaji wawili walikuwa wamemwekea samaki mlangoni, kila mmoja kwa haraka aliyotaka yeye, na walishakufa kumi na wanane. Wateja walianza kunong'ona. Tena binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki nane, karamu ikiwa humo humo mkahawani, na wazazi wa bwana harusi ni watu wanaotazama mambo kama hayo.

"Guat Sim," alisema, macho yake kwenye sakafu, "wanasema wewe ndiye unayejua."

"Wanasema pia nina nuksi."

"Maneno ya zamani hayo."

"Miaka tisa tu." Shangazi alifuta mikono. "Nitakufanyia. Lakini hakuna anayegusa tangi isipokuwa mimi, na hakuna samaki mpaka mimi niseme maji yameiva. Ukimtia hata mmoja, naondoka, na sirudi."

Alikubali haraka mno. Nadhani alifikiri ni jambo la siku mbili tatu.

Jumatatu tulijaza maji, tukayatia dawa ya kuondoa klorini, tukawasha chujio. Nilikuwa nimeleta ndoo kwa ajili ya sponji ya jikoni. Shangazi aliitazama ndoo tupu.

"Hiyo ya nini?"

"Ya sponji, Shangazi. Si tutaihamisha?"

"Imechoka. Iache ipumzike."

Akatoa mfukoni kipande cha soksi nyembamba ya kike, imefungwa fundo, na ndani yake kamba mmoja mbichi. Akamtundika katikati ya tangi. Wafugaji huanzisha maji hivyo: kamba anaoza, kuoza kwake kunazaa sumu, na sumu ndiyo chakula cha kwanza cha vijidudu. Ingetosha kabisa kutupia chembe za chakula cha samaki, kitu ambacho hakuna mteja angekiona. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua.

Kwa hiyo mlangoni pa mkahawa mpya wa Tajiri Cheah, chini ya kitambaa chekundu cha kuita bahati, palikuwa na tangi la futi sita lenye kamba mmoja aliyekufa ndani ya soksi.

Keat, muuza bata wa kuchoma wa jirani, alikuwa wa kwanza kutania.

"Tajiri, huyu ndiye samaki wako wa bahati? Mbona amelala?"

"Ni kazi ya Guat Sim. Kula uende zako."

"Nami nataka kama huyo. Ukimwagiza na tambi za kukaanga inakuwaje?"

Kufikia Ijumaa kamba alikuwa na ukungu mweupe kama ndevu, na watu walikuwa wakitoka mitaa mingine kuja kumwona. Walimpa jina, wakamwita Babu. "Babu hajambo leo?" waliuliza wakiingia, na Cheah, nyuma ya sanduku la fedha, alijifanya kuhesabu sarafu.

Kila Alhamisi tulikwenda kupima. Kazi yangu ilikuwa kudondoshea dawa kwenye vichupa na kuandika rangi. Amonia ikiwepo maji hugeuka kijani, ikiisha hubaki njano. Nitriti, sumu ya pili inayotokana na kuliwa kwa ile ya kwanza, huonyesha zambarau, na ikiisha, buluu ya anga. Wiki ya pili kijani kibichi kabisa. Wiki ya nne zambarau ya biringanya. Kila mara shangazi aliinua kichupa kwenye mwanga wa mlango ili meza zote zione, na kusema neno moja.

"Bado."

Wiki ya sita kichupa kimoja kilikuwa njano na kingine buluu. Nilitikisa tena, nikangoja dakika zote tano. Njano na buluu. Nilimtazama shangazi. Aliviinua, akavitazama kwa raha, kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake.

"Bado," alisema.

Tulipokuwa tukifungasha, Cheah alinifuata mimi. Sipendi kusemeshwa na watu nisiowazoea, na alilijua hilo.

"Binti, wewe umesoma chuo kikuu. Niambie ukweli. Maji yakoje?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliiona mikono ya shangazi, vidole vilivyopasuka ambavyo jioni huvipaka mafuta bila kulalamika. Kisha nikasikia sauti yangu, ndogo lakini imara kuliko nilivyotarajia.

"Bado, Tajiri."

Wiki ya saba ilikuwa hivyo hivyo, njano na buluu. Babu alikuwa amebaki gamba tu, na shangazi akamtundika kamba mwingine, vijidudu visife njaa. Meza ya Keat ilishangilia: "Babu amezaliwa upya!" Zilibaki siku sita kabla ya harusi. Cheah alitoka nyuma ya sanduku lake.

"Dada Guat Sim." Hakuwa amewahi kumwita dada. "Nifanye nini? Mama wa bwana harusi anakuja Jumamosi kukagua."

"Unajua la kufanya. Lile neno la nuksi ulilisema ukiwa umesimama, mkahawa umejaa. Mkahawa umejaa tena."

Mpishi alizima moto wa kikaango ili asikie vizuri.

"Miaka tisa iliyopita," Cheah alianza.

"Huko nyuma hawasikii."

"Miaka tisa iliyopita dada huyu aliniomba wiki tano! Mimi nilimpa siku mbili. Wale samaki niliwaua mimi. Mkono wake hauna nuksi."

Shangazi aliinua vile vichupa viwili kwenye mwanga.

"Yameiva," alisema.

Kesho yake tuliwatia tisa, wanane wa dhahabu na mmoja mweusi. Walizama mpaka chini, wakazunguka, wakaanza kuchokoa changarawe. Hadi leo hajafa hata mmoja, na shangazi amefungua tena duka, matangi kumi na mawili kwa kuanzia.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kwenye karamu ya mchana wa harusi, Cheah alipita meza kwa meza na mpiga picha, akafika kwetu, akasimama katikati yetu na kikombe mkononi. Shangazi akamsogelea sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Maji yaliiva wiki ya sita, Tajiri. Zile siku za mwisho zilikuwa zangu."

Wekundu ulimpanda Cheah kutoka shingoni mpaka masikioni. Lakini wakwe walikuwa wanatazama na mpiga picha alikuwa hajamaliza, kwa hiyo akaendelea kutabasamu. Shangazi ameitundika picha hiyo dukani, juu ya tangi lenye ile sponji.